Mstari wa Msaidizi

Ukimtafuta Mwatum Usi usiulizie duka lake, maana duka hana. Ulizia vespa. Ni ya kijani, imefungwa ngazi ya mbao ubavuni, na juu yake kakaa mwanamke wa miaka arubaini na tatu, suruali ya kazi chini ya buibui, helmeti juu ya mtandio. Mwaka wa kwanza wanaume wa barazani walimcheka. Mwaka wa pili walimzoea. Mwaka wa tatu, nyumba zao zikiingia kiza, wakawa wanamwita yeye. Ndivyo tulivyo watu wa Unguja: kwanza tunacheka, halafu tunaomba namba ya simu.

Siku hizi hata mafundi wenziwe humpigia. Fundi akikwama Fumba au Mbweni, kapiga nyundo mpaka mkono umemvimba na ardhi inamrudishia jiwe tu, atasema aitwe Mwatum. Naye huja, wala hatoi nyundo. Huzunguka uwanja kwanza akiangalia miti, na wasiomjua hudhani kaja kununua kiwanja. Alikoyapata hayo ndiko ninakotaka kukupeleka. Mimi si ndugu yake wala jamaa yake, lakini kila nikikisimulia kisa hiki kifua hunipanda.

Kwanza ujue kwamba kwa miaka kumi na tisa jina la Mwatum halikuandikwa popote. Alikuja mjini kutoka Bwejuu akiwa msichana, akasomea umeme chuo cha ufundi, kisha akaingia kazini kwa fundi Borafya, mwenye kibanda chake Mkunazini. Borafya alikuwa fundi hasa. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, ukizigonga vibaya unabomoa historia ya watu, na yeye alijua kupitisha waya humo bila ya ukuta kukohoa. Alimfundisha Mwatum yote hayo, hakumficha kitu. Ila kazi ikimalizika, kuna fomu. Fundi huijaza vipimo, mkaguzi huja akapima upya, akitosheka hutia sahihi. Chini ya fomu mna mistari miwili ya majina: wa kwanza wa fundi mwenye leseni, wa pili wa msaidizi. Wa kwanza Borafya aliandika jina lake kwa hati nzuri yenye mikia. Wa pili aliupiga kistari.

Hakuwa na ubaya. Ukimuuliza angekwambia msaidizi anajulikana, wa nini kumwandika. Mwatum hakuwahi kuuliza. Lakini kila fomu ilipopita mbele yake alikitazama kile kistari, na kila mara kilimuuma pahala pale pale.

Basi akaomba leseni yake mwenyewe. Mtihani aliufanya mara mbili, wa kwanza ukamshinda, wa pili akaupita vizuri. Borafya alimpa mkono wa heri na koleo lake la zamani. Na kazi ya kwanza ya Mwatum, ya kuandikwa jina lake mstari wa kwanza, ikawa ile ya chaja ya gari nyumbani kwa Bi Tahiya, Mbweni.

Bi Tahiya ni mwalimu mkuu mstaafu, kafundisha hesabu miaka thalathini na tano, nusu ya watu wazima wa mjini wamewahi kusimamishwa na yeye ubaoni. Kiinua mgongo chake, badala ya kujengea vyumba vya kupangisha kama wenziwe, alikiagizia gari la umeme kutoka Japani, jeupe, limetumika lakini linang'ara. Majirani waliliita gari la tochi. Yeye alijibu kwamba maisha yake yote kapakiwa kwenye magari ya watu, sasa anataka kwenda anakotaka saa anayotaka, na kama ni tochi basi tochi imwangazie. Mwanzo alilichaji kwa waya wa kuunganisha uliopitishwa dirisha la jikoni. Gari lilichukua siku nzima na usiku wake kujaa, na siku moja soketi ikayeyuka. Mwatum ndiye aliyekuja kuibadilisha, na pale pale alimwambia kuwa ule waya aliouziwa ni mwembamba, utamchomea nyumba. Fundi aliyemuuzia alikuwa ameapa kuwa waya ni mzima. Bi Tahiya akaagiza chaja ya ukutani, ilipofika akampigia Mwatum peke yake, hakuita mwengine.

Kazi ilichukua siku tatu. Mwatum alivuta waya mnene kutoka kwenye bodi ya umeme hadi banda la gari, akaifungia chaja swichi yake peke yake, akaitundika usawa wa kifua cha mtu, imenyooka sawasawa. Likabaki moja, nalo ndilo lililozaa kisa.

Kila nyumba ina nondo ya shaba iliyozamishwa ardhini, mafundi wanaiita ethi. Umeme ukipotea njia, ukaingia kwenye bati la friji au mlango wa gari, huo ndio mlango wake wa kutokea, usipitie mwilini mwa mtu. Udongo wenye unyevu huupokea. Jiwe kavu halipokei kitu. Na Mbweni, kama pwani yetu nyingi, ni jiwe la matumbawe lililofunikwa udongo mchache, tena mwengine umeletwa kwa lori ili watu wapande maua.

Ya chaja Mwatum aliichagulia bustani ya pembeni ya banda. Nondo iliingia laini kama kisu kwenye halua, nusu mita ya udongo mwekundu, halafu nyundo ikalia. Mlio ule aliujua. Ni wa jiwe. Akailaza nondo mshazari, akaisukuma hivyo hivyo, akapima. Kipimo cha ardhi, ambacho kikipungua ndio bora, kilitakiwa kisizidi omu ishirini. Kilisoma mia na arubaini.

Sasa hapa ndipo penye ada ya mafundi wetu, ambayo hawaiandiki vitabuni. Asubuhi ya ukaguzi, ethi hunyweshwa: ndoo mbili za maji, chumvi nusu kilo, subiri kidogo. Mita inasoma vizuri, mkaguzi anatia sahihi, jua linakausha, na maisha yanaendelea. Borafya aliifanya hivyo nyumba baada ya nyumba, na taa za watu zinawaka hadi leo. Mwatum mwenyewe ndiye aliyekuwa akibeba ndoo. Kwa hiyo asubuhi ile ya Disemba, mvua za vuli nazo zikimsaidia, alibeba ndoo zake mbili bila ya kuwaza sana. Mkaguzi, bwana mmoja mpole aitwae Machano, alipima akapata kumi na sita, akatia sahihi. Mwatum akaandika jina lake mstari wa kwanza, polepole, kama mtu anayeshona. Mstari wa pili aliuacha mtupu, maana alifanya kazi peke yake.

Ijumaa yake alikwenda Bwejuu kumwonesha mama yake. Bi Mwanapili kapita miaka sabini, maisha yake yote kalima, na kusoma hakusoma. Aliifuta mikono kwenye kanga kabla ya kuishika ile karatasi. Akauliza jina la mwanawe liko wapi, Mwatum akamwekea kidole. Akauliza na huu mstari wa chini, mbona mtupu. Mwatum akamwambia ni wa msaidizi, na msaidizi hakuwa naye. Hakumwambia lolote juu ya ile miaka kumi na tisa. Alitaka siku ile iwe ya furaha tu, na ilikuwa ya furaha, walipika wali wa nazi na samaki.

Wiki ya tatu ya Januari, jua la kiangazi limeshika kasi, Bi Tahiya akapiga simu. Hakupandisha sauti. Alisema chaja inawaka taa nyekundu tangu jana, gari halijaingia hata tone, na harusi ya mwanafunzi wake Makunduchi ishampita.

Mwatum alifika, akapima ile ethi ya bustanini. Mia tatu na kumi. Akaelewa pale pale. Balbu haiulizi kitu, ukiwasha inawaka. Chaja ya gari kila ikichomekwa huipima ardhi kwanza, leo na kesho na mtondo, na isipopata ardhi haitoi umeme. Mkaguzi huja siku moja. Huyu wa ukutani alikuwa mkaguzi wa kila siku, wala hangojei ndoo.

Bi Tahiya alikuwa kavuta kiti, kakaa kivulini akimtazama. Akamuuliza ni nini kilichobadilika baina ya siku ya ukaguzi na leo. Mwatum angeweza kusema chaja ni mbovu. Angeweza kulisingizia jua, na nusu ingekuwa kweli. Mdomo wake ulishaanza kuyatafuta maneno hayo, halafu ukakataa.

"Siku ile niliimwagia maji," alisema. "Maji na chumvi. Ndio maana ikapita."

Bi Tahiya aliweka mikono magotini, akamuuliza kama anavyouliza mwalimu asiyehitaji bakora.

"Mwatum, mtoto akiingia na majibu chumba cha mtihani, nani kafaulu hapo? Yeye au karatasi?" Kisha akaongeza, taratibu zaidi, "Nlikutaka wewe kwa sababu ya ule waya mwembamba. Uliniambia kweli siku ile, na hapana aliyekuuliza."

Maneno yale yalimwingia Mwatum kuliko matusi. Aliondoka na vespa yake, kufika Mkunazini hata hakumbuki alipita njia gani. Borafya alimsikiliza, akacheka kidogo, akasema dawa ipo. Aufunge waya wa ardhi na ule wa nyutro, unaorudisha umeme, ndani ya bodi, chaja itanyamaza, taa itakuwa kijani, na hapana atakayejua. Fundi mwengine angeona kapewa ufunguo. Mwatum yeye akilini alimwona Bi Tahiya, miguu mitupu, mikono ingali na maji ya udhu, anashika mlango wa gari. Umeme ukikosea siku hiyo hautakuwa na mlango mwengine ila yeye. Akamshukuru Borafya kwa adabu, maana ni mwalimu wake, na akaondoka bila ya kuitumia dawa yake.

Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia ukutani kwa Bi Tahiya. Kesho yake alikwenda mwenyewe ofisini kwa Machano, akaiweka ile fomu mezani na kumwambia ukweli wote, ndoo kwa ndoo. Machano aliitazama fomu, akamtazama yeye. Alisema katika miaka yake ya ukaguzi kashuku ndoo nyingi, lakini hajapata kuletewa habari zake na aliyezibeba. Kisha akaifuta sahihi yake kwa mistari miwili. Alimpa hadi mwisho wa Februari. Kipimo kikipatikana, tena ardhi ikiwa kavu, ataandika fomu mpya. Kisipopatikana leseni itarudi ofisini, na Mwatum atarudi kubeba mkoba wa fundi mwengine.

Kwa hiyo unaona lililokuwa mizanini. Miaka kumi na tisa ya kistari, mwezi mmoja wa jina, halafu kistari tena.

Alichimba mahali pa kwanza, nyuma ya banda, akakutana na jiwe. Alichimba pa pili, karibu na lango, jiwe. Pa tatu alikodi dreli kubwa ya kutobolea mawe, ikatoboa mita moja, ikavunjika ncha, na tundu lile lilikuwa kavu kama unga. Kila siku Bi Tahiya alimletea chai na kurudi ndani, na wema ule ulimzidishia Mwatum haya.

Jumapili alikwenda Bwejuu, akakaa jikoni kwa mama yake. Bi Mwanapili alikuna nazi yake mpaka akamaliza, kisha akamuuliza mara moja tu. Mwatum akamweleza, na ilibidi aeleze ethi ni nini, na kwa nini inataka udongo wenye unyevu chini kwa chini. Mama yake alisikiliza, halafu akashangaa kweli kweli.

"Hicho ndicho kilichokukosesha usingizi? Udongo katika jiwe?" alisema. "Mwanangu, mie nshakulisheni nyote kwa udongo wa katika jiwe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kule kusini shamba si uwanja uliotandazwa udongo. Ni jiwe, na ndani ya jiwe mna vishimo na mifuko, mwengine wa kuenea kiganja, mwengine wa kuingia mtu mzima, umejaa udongo mweusi wa miaka na miaka. Mkulima wa maweni huitafuta mifuko hiyo, humo ndimo anamopanda mtama na kunde. Huitafuta kwa muo, kijiti kigumu kilichochongwa ncha na kukaushwa kwa moto. Mwatum alikulia nyuma ya muo wa mama yake, akidondosha mbegu. Kisha akaenda chuo, akapewa mita, akausahau.

"Nyinyi wa mjini mnachimba mnapopataka nyinyi," mama yake alisema. "Udongo nao una pahala pake unapopataka."

Jumatatu asubuhi watu wa barabara ya kusini waliona jambo la kuhadithia. Vespa ya kijani, mbele Mwatum, nyuma Bi Mwanapili kakaa upande, kanga kajifunga vizuri, helmeti ya kuazima kichwani imemfunika hadi nyusi, na mkononi kaunyanyua muo wake mithili ya bendera. Mwendo wa saa moja na zaidi, hakusema kachoka. Alisema tu kwamba vespa inakwenda polepole.

Bi Tahiya aliwapokea kwa heshima zote. Alimwita dada, akamtandikia mkeka, akataka kwanza anywe kitu. Bi Mwanapili alishukuru, akasema kunywa baadae. Akaanza kuzunguka uwanja. Bustani ya maua aliipita bila ya kuitazama, udongo wa lori anaujua kwa rangi. Alizunguka nyuma ya nyumba, karibu na ukuta wa jiko, penye bomba na kijiwe cha kukalia, ambapo watu wa nyumba hutawadha. Maji hutiririka kwenye mfereji mdogo na kupotelea ardhini. Hatua nne kutoka hapo ulisimama mpapai, mrefu, majani mabichi, matunda yamebanana shingoni, na kiangazi chote kile hakijaunyausha.

Akauliza nani aliyeupanda. Bi Tahiya akasema hapana, umejiotea, na mingine mitatu aliyoipanda yeye mbele ya nyumba imekufa yote.

Bi Mwanapili aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeoneshwa mlango wa kuingilia. Akainama, akaanza kuupiga muo kuuzunguka mpapai. Kila ukigusa jiwe ulilia mlio mkavu, naye akasogea. Alisogea kiasi cha kiganja, akapiga, akasogea tena. Mwatum alikuwa kapiga magoti karibu naye, na bila ya kujijua alikuwa anausikiliza muo kama alivyousikiliza akiwa na miaka sita. Pigo la tisa au la kumi halikulia. Muo ulizama. Mama yake akauegemea, ukazama hadi kwenye ngumi yake.

"Hapa," alisema. "Lete mitambo yako."

Walichimba kwa mtaimbo na mikono, mama akielekeza, mwana akitoa udongo. Ulikuwa mweusi, wa baridi, ukiufumbata unabaki na alama za vidole. Mita moja, mita moja na nusu, bado udongo. Nondo ilizama yote, mita mbili na nusu, na nyundo haikulia hata mara moja. Mwatum akapima akapata tisa.

Hakufurahi. Tuseme alifurahi, lakini akajizuia, maana alishaumwa na nyoka. Alimwambia mama yake kwamba hapa pananyweshwa maji ya udhu mara tano kwa siku, na hayo si ndoo ile ile kwa jina jengine? Bi Mwanapili alilifikiri swali hilo, hakulidharau. Akasema maji unayomwagia jiwe ni mgeni, anapita. Jiwe halina tumbo. Mfuko wa udongo una tumbo, unakula leo na kuweka ya kesho. Lakini kama hamwamini, aufungie maji aone.

Mwatum akaufungia. Alimwomba Bi Tahiya lile bomba lisifunguliwe hata tone kwa siku tisa, watu watawadhe bafuni, na gari likae. Siku tisa za Februari, jua la kupasua kichwa. Mwalimu wa hesabu alikubali mara moja, akasema huo sasa ndio mtihani. Kila siku adhuhuri Mwatum alikuja kupima, akaandika kwenye daftari. Tisa. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Nambari ilipanda. Mama yake alikuwa kakataa kurudi Bwejuu, alisema hawezi kuondoka shamba halijaota.

Siku ya kumi alikuja Machano. Mwatum alimpeleka nyuma ya nyumba, akamkabidhi nyaya za mita, akarudi nyuma hatua tatu na kufunga mikono. Machano hakupima. Alichuchumaa kwanza, akauchota udongo wa juu, ulikuwa vumbi. Kisha akaugusisha kwenye ncha ya ulimi, akatafuna, akatema. Wakaguzi wana ada zao pia.

"Chumvi hamna," alisema.

Ndipo akapima. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu kwa kuhamisha vijiti vya mita ardhini. Mwatum alikuwa anayatazama majani ya mpapai, si mita.

"Kumi na tatu. Kumi na tatu. Kumi na tatu."

Wakaenda wote bandani. Bi Tahiya mwenyewe ndiye aliyeichomeka chaja kwenye gari. Ilifikiri kidogo, kama kawaida yake, ikaipima ardhi, ikaridhika. Taa ikawa kijani, na gari likaanza kunguruma kwa sauti ndogo. Bi Tahiya alisema tangu leo kila akitawadha atakuwa analiombea na gari. Mwatum alicheka, na kicheko kikaja na machozi, hakuyaficha.

Machano alitoa fomu mpya, akaiweka juu ya boneti. Akatia vipimo na sahihi yake, akamsogezea Mwatum. Mstari wa kwanza aliandika: Mwatum Usi, fundi. Kalamu ikashuka mstari wa pili, ikasimama. Machano, aliyekwishazoea, akamwambia auache tu au aupige kistari.

Mwatum hakupiga kistari. Aliandika taratibu, herufi kubwa kubwa ili isomeke kwa mbali: MWANAPILI KHAMIS, MKULIMA, BWEJUU.

Bi Mwanapili alikuwa kakaa kwenye mkeka, muo wake ubavuni. Mwatum alichuchumaa mbele yake, akamwekea kidole kwenye jina. Mama aliyapapasa maandishi kama anavyopapasa mbegu kujua kama ni nzima. Akakumbuka lile swali lake la siku ile.

"Huu si ule mstari uliokuwa mtupu?"

Machano ndiye aliyejibu, bila ya kujua anajibu nini. Alisema mstari huo ni mtupu siku zote, bibi. Fomu za Borafya anazijua, miaka nenda miaka rudi zote zina kistari hapo.

Bi Mwanapili alimtazama mwanawe. Hesabu hakusoma, lakini miaka ya mwanawe mjini aliijua yote. Aliihesabu kimya kimya, ikafika kumi na tisa.

"Kumbe muda wote huo ulikuwa ukifanya kazi hujaandikwa."

"Naam, mama."

"Na hukunambia."

"Sikukwambia."

Mama yake aliirudia ile karatasi. Alikishika kidole cha Mwatum, akakipeleka mwenyewe kwenye mstari wa juu, kisha wa chini, kisha wa juu tena.

"Basi leo tumeandikwa sote wawili," alisema, na akaikunja ile karatasi, akaitia kwenye pindo la kanga yake na kulifunga fundo. Machano alitaka kusema kuwa hiyo ni nakala ya ofisi. Bi Tahiya alimtazama tu, na Machano naye ni mmoja wa wale waliowahi kusimamishwa ubaoni, akaenda kujaza nyengine.